Simu ya Mbao na Nduguze

Ukitaka kuishi London kwa amani, usijulikane kwamba una mikono. Sema wewe ni mhasibu. Sema unafanya mambo ya kompyuta. Watu watakuheshimu, na hawatakuletea kitu isipokuwa printa mbovu. Habari zangu mimi zilivuja kwenye harusi moja ya Ilford, pale shemeji yangu alipotoa miwani yake kwenye ala ya ngozi niliyomtengenezea, akawa anaifungua na kuifunga, anaifungua na kuifunga, mpaka meza nzima ya akina mama ikamtaka aseme ameipata wapi. Akanyoosha kidole. Mimi nilikuwa na mfupa wa mbuzi mdomoni, sikuwahi kukana.

Tangu hapo jiko langu la ghorofani hapa Barking limekuwa karakana ya jamii. Mngedhani wanaleta simu. Simu ni sehemu ndogo. Waswahili wa huku umri umetutupa mkono, na kinachotembea mifukoni mwetu siku hizi si sigara wala tambuu, ni vifaa vya hospitali. Bibi mmoja wa Lamu ameleta mashine ya kupima sukari. Dada wa Kigamboni, inhela ya pumu. Mzee wa Mombasa, kisanduku cha kifaa chake cha masikio. Nilimtajia bei, akajibu "Inshallah," nikajua hakunisikia. Mwingine alipanda ngazi na mashine nzima ya presha pamoja na mpira wake, akataka kitu cha kuning'iniza begani, chenye nafasi ya tende mbili tatu.

Juu ya friji nina rafu, na juu ya rafu zimepangwa mashine za sukari za mbao, inhela za mbao, miwani ya mbao isiyo na vioo, na simu za mbao zisizopokea salamu ya mtu. Daktari akiingia jikoni kwangu ataijua afya ya Waswahili wa mashariki ya London bila kumtoa mtu tone la damu.

Hivyo vya mbao ndivyo ugomvi wangu na walimwengu. Mtu anaiona ala imekaa vizuri, imeumuka inapopaswa kuumuka, pembe zimeviringana, anadhani ng'ombe alizaliwa hivyo. "Si ngozi tu, mwanangu? Ikunje, ishone, basi." Hapana, mama. Ngozi hulowekwa, ikavikwa juu ya kitu chenye umbo linalotakiwa, ikabanwa, ikaachwa ikauke. Ikikauka hushika umbo lile na hailiachii. Sasa hicho kitu cha kuivika kitoke wapi? Siwezi kuibana mashine yako yenyewe ndani ya ngozi iliyolowa usiku kucha. Asubuhi itakusomea sukari ya Mto Thames. Kwa hiyo, kabla hujapata mfuko, lazima nimchonge kwanza pacha wake wa mbao, na huyo pacha ndiye mwenye kazi. Mfuko wenyewe ni maharazi, uzi wa nta na jioni moja ya kusikiliza redio. Lakini nani amewahi kulipia pacha? Wanalipia ngozi wanayoishika. Kalibu kwao ni kama sufuria ya wali: nani amewahi kwenda harusini akasifu sufuria?

Na kalibu si kipande kimoja. Lina dume na jike. Dume ni huyo pacha, pembe zake zimepigwa msasa zikapoteza ukali, maana ngozi iliyolowa ikikutana na pembe kali ama inachanika ama inabaki na kovu. Jike ni ubao wenye tundu. Ngozi inalazwa juu ya dume, jike linashushwa, jiriwa zinakazwa, na ngozi haina budi kupita katikati. Tundu linatakiwa limzidi dume kwa unene wa ngozi kila upande. Ngozi ya milimita 2.5 inataka tundu lizidi kwa milimita 5 za upana na 5 za urefu, ukipunguza kidogo kwa kuwa ngozi hukubali kufinywa. Ukibana mno, jike linaikwangua uso. Ukilegeza, mfuko unatoka na mabega yaliyolala na mikunjo pembeni. Kina nacho kina mashauri yake: umbo likizidi kwenda chini, kwenye pembe ngozi inakuwa nyingi isiyojua pa kwenda, inajikunjakunja. Hayo yote nilimweleza mzee wa kifaa cha masikio kwa marefu na mapana. Akasema, "Inshallah."

Mbao zenyewe ni mtihani. Nenda duka la vifaa vya ujenzi London uombe mbili kwa nne, ubao wa kawaida kabisa, utapewa wa milimita 38 kwa 89. Inchi 2 ni milimita 50.8, na inchi 4 ni 101.6. Zilizobaki zimekwenda wapi? Kijana wa dukani akaniambia zimeliwa na randa. Sawa, lakini mbona bei haikupigwa randa? Ukihamia kwenye MDF, ambayo ni laini na inachongeka bila ubishi, unakuta inakunywa maji na kuvimba, na dume likishavimba ndani ya ngozi halitoki kwa heri. Inabidi ulipake vanishi tabaka juu ya tabaka, kisha ulifunge kwa ile plastiki nyembamba ya kufunikia chakula. Vumbi lake nalo halifai kwa kifua. Nimevaa barakoa, madirisha wazi mwezi wa Januari, nachonga inhela ya mwenye pumu huku najiuliza kama nichonge mbili kabisa, moja iwe yangu.

Jike bora kuliko yote niliyo nayo lilitoka kwenye kibao cheupe cha plastiki cha kukatia nyama. Hakinywi maji, hakivimbi, hakiachi rangi kwenye ngozi. Mama watoto ana maoni yake juu ya kibao hicho, hasa juu ya tundu lenye umbo la miwani lililoko katikati yake, na maoni hayo huyatoa wageni wakiwapo.

Halafu kuna chuma, na balaa yake inaanzia kwenye ngozi yenyewe. Ngozi inayokubali kushika umbo ni ile iliyotengenezwa kwa magome ya miti. Ile ya kromu, ambayo ndiyo imejaa madukani kwenye makoti na makochi, ukiilowesha na kuibana inakustahi kidogo tu, ukigeuka imerudi ilivyokuwa. Waingereza walitumia magome ya mwaloni. Kwetu pwani magome ya mikoko yalipakiwa majahazini na melini kwenda kutengeneza ngozi za watu wengine, na Njombe mpaka leo kuna miwati ambayo magome yake hukamuliwa dawa ya ngozi na kuuzwa nje. Inawezekana kabisa kwamba bega la ng'ombe ninalonunua huku kwa pauni limelainishwa na mti wa Njombe. Mimi na mti huo tumekutana ugenini, na wote wawili tunafanyishwa kazi.

Dawa hiyo ya magome ikikutana na chuma na maji hugeuka nyeusi. Ndiyo kemia iliyotoa wino wa nyaraka za zamani, ule usiofutika. Kwa hiyo karibu na ngozi iliyolowa hapawekwi msumari wala skrubu iliyo wazi. Tumia shaba, au funika chuma kwa kitu. Jirani yangu wa Kinigeria, mtu mwema asiyeweza kuona mwenzake akibana kitu peke yake, alikuja na jiriwa zake za chuma akanisaidia nilipokwenda kusali. Ala ya mashine ya sukari ya bibi wa Lamu ikatoka na duara nne nyeusi, kila pembe moja. Bibi alizipenda. Sasa wenzake nao wanataka zao ziwe na maua.

Kukausha ndiyo shughuli inayonifanya nimkumbuke kila siku Aliyeumba jua la Tanga bure. Ngozi iliyobanwa inataka siku nzima, mara nyingi zaidi, mahali pakavu penye hewa. London wakati wa baridi haina mahali pakavu. Nguo zimeanikwa sebuleni, kioo cha dirisha kinatoa jasho, na mwenye nyumba ametuandikia barua kwamba unyevu wa ukutani unasababishwa na wapangaji kupumua. Ukiisogeza ngozi kwenye hita ili kuiharakisha, inanywea, inakuwa ngumu, na ukija kuikunja inapasuka. Ngozi ikiwa imelowa haivumilii joto. Na hata kama ingelivumilia, pale ukutani kuna kile kioo kidogo cha mita kinachohesabu pauni za umeme zikipita, na mama watoto anakitazama kuliko taarifa ya habari. Basi makalibu yangu hukauka kwenye kabati la tangi la maji ya moto, katikati ya taulo. Mtu akitoka kuoga akajifuta, ananukia fundi viatu.

Nilidhani nitapata faraja Bermondsey, kusini ya mto, ambako kwa karne nyingi ndiko London ilikofanyia kazi ya ngozi. Majina ya mitaa bado yanajisifu: Tanner Street, Leathermarket Street, Morocco Street. Weston Street liko jengo la soko la ngozi na sufu la 1878, na ukutani zimechongwa picha za duara za mafundi wakikwangua na kuning'iniza ngozi. Nilizunguka eneo zima. Ngozi niliyoiona ni ya viatu vya watu waliokaa wakinywa kahawa kwa bei ya kilo ya nyama. Harufu ya zamani imekwisha, na hapo sitawalaumu. Henry Mayhew, mwandishi aliyetembea na mafukara wa London na kuchapisha habari zao mwaka 1851, aliandika juu ya watu walioishi kwa kuokota kinyesi cha mbwa barabarani na kukiuza kwa ndoo katika viwanda vya ngozi vya Bermondsey, kwa kuwa kilitumika kulainisha na kusafisha ngozi nzuri, zikiwamo za kujalidia vitabu. Leo ukiacha cha mbwa wako barabarani halmashauri inakutoza faini. Kitu chenyewe ni kile kile. Kilichobadilika ni nani anamlipa nani.

Picha za ukutani nilizitazama kwa makini. Sikumwona hata mmoja anayechonga kalibu.

Kama unataka kuona jinsi dhuluma hii ilivyo ya zamani, nenda jumba la makumbusho la V&A, South Kensington; kuingia ni bure, na vyoo ni safi. Kuna bilauri ya kioo yenye nakshi za rangi na dhahabu, iliyotengenezwa Shamu au Misri kiasi cha mwaka 1350, ikafika kaskazini mwa Uingereza kwa njia anayoijua Mungu, ikakaa kwa ukoo wa Musgrave huko Edenhall. Watu wa huko wakaamini kwamba ni mali ya majini na kwamba siku itakayovunjika bahati ya ukoo itaondoka nayo. Kioo kimepona karne zote hizo bila ufa. Kwa sababu ya majini? Kwa sababu pembeni yake kuna ala yake ya ngozi ngumu iliyofinyangwa kwa umbo la bilauri yenyewe, ina kifuniko, na juu ya kifuniko herufi tatu za jina la Yesu. Chombo cha Waislamu kimehamia Ulaya, kimevalishwa koti la Kikristo, na koti limekisitiri. Nilisimama pale nikiwatazama wageni. Wanainama, wanasema "aah" kwa bilauri, wanapita. Ala wanaipa nusu ya jicho. Na yule pacha je? Maana sidhani kama alikuwapo fundi mwenye akili timamu aliyeibania ngozi juu ya kioo cha kigeni chenye majini ndani. Lazima mtu alikaa akachonga bilauri ya mbao, akaipiga msasa, akapima unene wa ngozi, na mke wake akamuuliza kuni zile ni za nini. Hata kibao cha maelezo hakuna. Huenda iliishia jikoni ikapikiwa uji.

Marehemu babu yangu alikuwa na raha zaidi. Tanga alikuwa na faroma yake moja ya mti, ya kuvalishia kofia. Kofia ya mkono ikifuliwa na kutiwa wanga, ilivikwa kwenye faroma ingali mbichi, ikapangwa matundu yake, ikawekwa juani; jioni inatoka imesimama, tayari kwa msikitini. Kazi ile ile ninayofanya mimi: kitu kilicholowa, umbo la mti, subira. Ila faroma ilidumu maisha yake yote, kwa sababu kichwa cha babu hakikutolewa toleo jipya kila Septemba.

Wapo wanaonishauri niache kuchonga. Kijana mmoja wa jamaa zetu, msomi, aliniambia maktaba ya mtaa wao ina printa ya kuchapa vitu vya plastiki, unachora kwenye kompyuta, unakwenda kunywa chai, unarudi kalibu limeiva. Akanichapia moja. Lilikuwa sahihi ajabu, siwezi kukataa. Vipimo vyote vimekaa. Lakini printa ile inajenga kwa tabaka nyembamba, na ngozi iliyolowa haisamehe: inanakili kila inachogusa, hata ukucha wako, hata unyuzi wa taulo. Ala ikatoka na mistari mwili mzima. Ikabidi kalibu la kisasa lipigwe msasa na mkono wa kizamani. Kisha likasahauliwa karibu na hita, na plastiki ile huanza kulegea kwenye nyuzi joto 60 hivi. Sasa nina mashine ya sukari iliyoinama, inaonekana imepata majibu mabaya.

Na visu! Ustadh mmoja wa Muscat anayeishi huku anataka ala ya kisu chake cha kuchinjia, cha kupeleka kwao. Ninamheshimu, lakini sheria ya Uingereza ya 1988 haina mzaha: kisu chochote ukibebacho hadharani bila sababu ya maana ni kosa, isipokuwa kile kidogo cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3. Nani atamweleza askari ndani ya basi kwamba mzee mwenye kanzu na kisu cha shubiri mbili anakwenda kupimwa ala? Nikamwomba akiache nyumbani, akilaze juu ya katoni, azungushe kalamu, aniletee katoni. Ameleta. Mkono wake unatetemeka, Mungu amzidishie afya, na kisu kilichotokea kina mawimbi. Nilipompigia kuuliza kama ndivyo kilivyo, akanijibu kwa ukali kwamba kisu chake kimenyooka kuliko mimi.

Lakini wa kunizeesha ni mpwa wangu. Huyu anabadili simu kila mwaka, na kila mwaka anapanda ngazi. "Shikamoo mjomba." Marahaba, weka hapo. Simu yake ya 2022 ilikuwa na upana wa milimita 77.6, unene 7.85. Nikachonga. Ya 2023 upana ukapungua kuwa 76.7, unene ukaongezeka kuwa 8.25. Kwa mtu wa kawaida hiyo ni simu ile ile. Kwa ngozi ni msiba: ubavuni inacheza, mgongoni haiingii, na kile kibonge cha kamera kimekua tena. Nikachonga upya, dume na jike. Ya 2024 ilipokuja nikaipima bila kusema neno. Upana: 77.6. Umerudi! Unene: 8.25, haukuguswa. Urefu: 163, kutoka 160.7 ya ile ya kwanza.

Nikamtajia bei. Akavuta kiti, akakaa, akatoa simu yenyewe kufanyia hesabu. "Mjomba, upana huu nilishaulipia 2022." Kweli. "Na unene nilishaulipia 2023." Kweli pia. Mama watoto akatoka chumbani kuja kusikiliza, akasimama upande wake. Kwa hesabu yao wawili, ninachoweza kumdai kijana huyu kwa haki mwaka huo ni milimita 2.3 za urefu.